Hodi Tatu kwenye Mfumo wa Barafu

Jumanne, 22 Aprili 2025

Gharibu ametundika bango jipya. Nimeliona asubuhi nikifungua kibanda. Liko ng'ambo ya barabara, limegeuzwa makusudi linitazame usoni. "Gharibu Simu na Usalama wa Mtandao." Usalama wa mtandao! Mtu ambaye kazi yake ni kubandika vioo vya simu na kuuza chaja! Bango langu mimi linasema "Mfaume Fundi Simu", na herufi ya mwisho imeliwa na mvua za masika. Nimekaa nalitazama la kwake mpaka chai ikapoa.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mtaalamu wa usalama wa mtandao hapa Kibiti ni mimi. Nimejifunza mwenyewe kwa video, miaka minne. Nina kompyuta. Ndani yake nina programu ambazo Gharibu hawezi hata kuzitamka. Nilichokosa ni mteja tu.

Saa nne mteja akapatikana, ingawa ni ndugu. Mama mdogo Mwanawetu kapiga simu kutoka Salale. Huko mtandao unashika sehemu moja tu, penye gogo karibu na wanapofunga mitumbwi, kwa hiyo mtu akisimama pale anapiga kelele kama simu haipo. Barafu yake imepotea. Mara ya pili mfululizo! Yeye na wanawake wenzake watano hukusanya kamba kila bamvua, maji yakiwa makubwa, na kamba bila barafu hafiki jioni. Boti ya barafu inafika, anatoa namba yake ya mteja, 114, anaambiwa namba hiyo haina barafu safari hii. Nani kachukua? Hakuna ajuaye. Mara zote mbili wamewakausha kamba kwa moshi, na wanunuzi wa kamba wa moshi ni wa kubembelezwa.

Amesema bamvua linaingia Jumapili. Barafu ikikosekana mara ya tatu, wenzake watahamia kwa mkusanyaji mwingine, naye atabaki na maboksi matupu. Sauti yake haikuwa ya kelele aliposema hivyo. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mimi nipo.

Jumatano, 23 Aprili

Uchunguzi umeanza.

Barafu ni ya Mzee Dhanji. Ghala lake liko hapa hapa Kibiti, nyuma ya soko. Lori linapeleka Nyamisati, boti inapokea na kusambaza delta nzima. Zamani alikuwa na daftari na penseli nyuma ya sikio. Mwaka jana binti yake, Dada Mamta, alirudi kutoka chuo akamtengenezea mfumo. Unafungua ukurasa kwenye simu, unaandika namba ya mteja, unaagiza mabonge unayotaka. Barafu ikishuka kwenye boti, inabonyezwa "Imechukuliwa". Basi.

Nikafungua ukurasa. Nikaandika 114. Nikaingia! Sikuulizwa neno la siri. Sikuulizwa jina la mama wala la baba. Nikaandika 115. Nikaingia kwa mtu mwingine. Nikawasha programu yangu ya kujaribu namba, ikapita moja hadi mia mbili huku nakunywa chai, ikanirudishia majina ya wateja wote na maagizo yao. Kila akaunti ina kitufe cha "Imechukuliwa". Ningetaka, ningevibonyeza vyote, na kamba wa delta nzima wangeoza kwa kidole changu kimoja.

Nikaiondoa mikono kwenye kompyuta. Niliogopa, wallahi. Niliona wanawake wa Salale wamesimama na vikapu, na boti inaondoka.

Baada ya hofu ikaja furaha. Mpango: nimwoneshe Mzee Dhanji tundu hili, ashtuke, ashukuru, aniajiri Mshauri wa Usalama wa Mfumo wa Barafu. Nimekiandika cheo hicho mara sita pembeni mwa ukurasa huu. Bango la Gharibu litaanguka lenyewe kwa aibu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekwenda kwa Salwa, msaidizi wa kisheria, mwenye ofisi ya chumba kimoja karibu na mahakama. Tulisoma darasa moja, na hadi leo ananikumbusha kwamba hesabu nilinakili kwake. Nilitaka anisaidie kuandika mkataba wa ajira yangu. Nikamsimulia yote.

Akaacha kuandika. Akauliza kama nilikuwa na ruhusa ya kuingia. Nikasema mlango ulikuwa wazi. Akasema hakuniuliza habari za mlango.

Akatoa Sheria ya Makosa ya Mtandao, ile ya 2015, kurasa zimekunjwa pembe. Akanieleza polepole, kama anamweleza mgonjwa. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, hata kama hukuchukua kitu. Halafu kuna kifungu cha vifaa, na programu nazo ni vifaa. Ukikutwa na programu iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya kuvunjia, na huna sababu halali, una kesi ya kujibu. Nikasema nia yangu ni njema. Akasema nia njema nitaieleza, ila nitaieleza nikiwa nimesimama kizimbani.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia bisibisi ninayo mchana kutwa na hakuna aliyeniuliza nakwenda kufungua nini. Akacheka kidogo. Yeye amekulia deltani. Akasema mtu akikutwa mikokoni na shoka ndani ya mtumbwi, hana kibali, anasimamishwa kabla hajakata hata kijiti. Huenda shoka anampelekea shemeji yake. Haidhuru, ataulizwa yeye, shoka haliulizwi.

Nikamuuliza, basi nani atayaona matundu haya kama kutazama ni kosa? Akaifunga ile Sheria. Akasema hilo ndilo swali la kwanza la maana kunisikia nikiuliza tangu darasa la tano. Akasema sheria ilipoandikwa waliwafikiria wezi, lakini mwizi hasomi sheria. Anayeisoma ni mtu mwema, naye akishaisoma anafunga kompyuta anakwenda kulala.

Ushauri wake: nisiguse tena. Nimwone mwenye mali kwa mdomo. Nipate karatasi yenye sahihi, inayotaja nini naruhusiwa kujaribu, kwa siku ngapi na kwa programu zipi. Ndipo nijaribu. Nikamkubalia kila kitu kwa kichwa. Kichwani nilikuwa nachagua rangi ya bango.

Ijumaa, 25 Aprili

Baada ya sala nimekwenda ghalani kwa Mzee Dhanji, kanzu safi. Nimefuata ushauri wa Salwa. Iandikwe kwamba nilijaribu!

Walikuwa wanapakia lori kwa ajili ya bamvua. Mvuke wa barafu kila mahali, watu wanakimbia na magunia ya pumba. Nilipoanza kusema, Mzee Dhanji akadhani nataka barafu ya harusi, akaniuliza wageni wangapi. Nikaanza upya. Akasema mambo ya mfumo ni ya Mamta, yeye hagusi, na Mamta yuko Dar anafuatilia kompresa ya mashine ya barafu, atarudi Jumatatu. Nikaanza mara ya tatu, nikamwambia kuna hatari kubwa. Akaweka mkono begani kwangu, mkono baridi kama samaki, akasema, Mfaume bwana, hatari ni hii inayoyeyuka mbele yako, njoo Jumatatu.

Jumatatu! Bamvua linaingia Jumapili!

Nimempigia Dada Mamta mara nne. Hapokei namba asiyoijua. Namwelewa, hata mimi sipokei.

Wakati narudi, Gharibu kaniita kutoka kibandani kwake. Hajaniita miaka miwili. Akauliza kama nimetoka kwa Dhanji kwa habari ya ule mfumo. Nikashtuka, amejuaje? Akaangalia barabarani kushoto na kulia, akasema niachane nao. Hivyo tu. Akarudi kwenye vioo vyake.

Wivu! Anaogopa nitamtangulia. Sasa nimejua kwamba lazima nifanye haraka.

Jumamosi, 26 Aprili. Sikukuu ya Muungano

Jibu limenijia leo wakati nanawa uso. Nimeshangaa Salwa, pamoja na kusoma kwake kote, hakuliona.

Kosa langu la Jumatano lilikuwa nini? Niliingia kimya kimya. Sisi watu wa pwani hatuingii kwa mtu kimya. Unasimama nje, unapiga hodi. Hujasikia, unapiga ya pili. Hujasikia, unapiga ya tatu. Hata mdai hupiga hodi. Hata polisi, nimesikia, wakiwa na muda. Kwa nini basi nisipige hodi kwenye mfumo?

Kila akaunti ina sehemu ya maelezo, ambayo mteja huandika mambo kama "mabonge makubwa tafadhali". Nikafungua 114, ya mama mdogo. Nikabonyeza "Badilisha". Nikaandika: "HODI. Mfumo wenu uko wazi, mtu yeyote anaingia. Wenu mtiifu, Mfaume, fundi simu, Kibiti." Na namba yangu ya simu. Nikabonyeza "Hifadhi". Nikaenda 115, ya jirani yake Mwanajuma: "HODI tena. Ni yule yule Mfaume." Nikaenda 116: "HODI ya tatu. Nasubiri nje."

Akaunti tatu, ili waone tundu si la mteja mmoja. Jina langu kamili, ili waone si mwizi. Ni mwizi gani anaacha namba? Nimejisikia vizuri sana. Nimekula pilau ya sikukuu sahani mbili.

Jumapili, 27 Aprili

Asubuhi hakuna aliyepiga. Nimeiweka simu mezani nikaipangusa.

Saa tano ikalia. Si Mamta. Mama mdogo, kutoka penye gogo. Boti imefika. Barafu imo ndani, anaiona kwa macho yake, mabonge yake yamefunikwa pumba. Lakini kijana wa boti ametazama simu yake, na 114 inaandika "IMEFUNGWA. UCHUNGUZI." Na 115. Na 116. Amekataa kushusha. Kazi yake iko hatarini, amesema, na mama mdogo hakumlaumu. Vikapu kumi na viwili vya kamba viko kivulini, wengine bado wanaruka.

Akauliza, Mfaume, umefanya nini?

Nikasema nimepiga hodi.

Nikasikia boti inawasha mashine. Kisha akasema, hodi umepigia kwa nani? Nikasema kwa Dhanji. Akasema, kwa Dhanji? Mbona ni nyumba yangu ndiyo iliyofungwa?

Simu ikakatika. Sijui ni mtandao au ni yeye. Nimekaa. Sikufungua kibanda tena. Nimewafikiria wale kamba wanaoruka, na kila nilipojaribu kufikiria kitu kingine, nikarudi kwao.

Jumatatu, 28 Aprili

Koplo Tamimu amekuja kunichukua. Amekuja kwa miguu, kwa adabu, akapiga hodi. Nikamkaribisha.

Kumbe Dada Mamta aliona ujumbe wangu Jumamosi hiyo hiyo akiwa Dar. Akaangalia nyuma kwenye kumbukumbu za mfumo akakuta Jumatano mtu mmoja amejaribu namba mia mbili kwa dakika tano. Akafunga akaunti tatu zilizobadilishwa, akampigia baba yake, na baba yake akaenda kituoni.

Kituoni Koplo akaanza kuandika maelezo yangu. Akauliza kama nakubali kwamba ni mimi. Nikasema jina langu si liko pale? Akaweka kalamu chini. Akasema miaka kumi na moja ya kazi, ni mara ya kwanza mtuhumiwa anamwachia namba ya simu na salamu. Nikadhani ananisifu.

Kisha akaigusa kompyuta. Programu hii kazi yake nini? Nikasema kujaribu namba. Namba za nani? Nikasema za watu. Hapo Salwa, aliyekuja mbio akiwa bado na kalamu ya ofisini mkononi, akanikanyaga mguu chini ya meza. Akamweleza Koplo kwamba programu ile ile hutumiwa na walinzi wa mifumo duniani kote, ni kama funguo za fundi kitasa. Koplo akasema anaelewa, naye shemeji yake ni fundi kitasa. Lakini shemeji yake huitwa na mwenye mlango. Akauliza, wewe nani kakuita? Nikamtazama Salwa, naye akatazama kalamu yake.

Kompyuta imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, imebandikwa karatasi: KIELELEZO NA. 1. Salwa amenidhamini. Njiani amenikumbusha kwamba mtu akipiga hodi mara tatu asijibiwe, hurudi alikotoka. Hiyo ndiyo adabu yenyewe. Haipigwi ukiwa umeshakaa ukumbini.

Hiyo sehemu nilikuwa nimeisahau.

Jumanne, 29 Aprili

Gharibu amevuka barabara. Amekuja na chupa ya chai na vikombe viwili. Nikajiandaa kuchekwa.

Hakucheka. Alikaa kwenye benchi la wateja akatazama vidole vyake. Akasema tundu lile alilijua tangu Februari. Aliagiza barafu ya msiba, akakosea namba, akaingia kwa mtu. Akaelewa papo hapo. Akafunga simu, hakumwambia mtu.

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulijua, ingawa tunatazamana kila siku. Zamani akiwa Dar aliona tundu kwenye mfumo wa duka moja, akaenda kuwaambia mwenyewe, kwa miguu yake. Walimshukuru, wakamwomba asubiri, wakampigia polisi simu. Alikaa ndani siku nne. Hawakumuuliza habari za tundu. Walimuuliza programu zile kwenye kompyuta yake ni za nini. Mwisho aliachiwa, lakini mkewe alikuwa mjamzito na hakuzipenda siku nne zile. Akafuta kila kitu, akarudi Kibiti, akaanza kubandika vioo. Neno "usalama" kwenye bango ni la kumbukumbu tu. Hana hata programu moja.

Nilimchukia kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Alijua! Akanyamaza! Barafu ya mama mdogo ikapotea mara mbili yeye akiwa anajua! Kisha nikafikiria. Gharibu alinyamaza, barafu ikapotea. Mimi nikasema, barafu ikapotea. Nikammiminia kikombe cha pili.

Ijumaa, 2 Mei

Kikao ghalani kwa Mzee Dhanji. Yeye, Dada Mamta, Salwa, Koplo Tamimu, mimi. Na mama mdogo! Amekuja kwa boti na gari, na kikapu cha kamba wa moshi akakiweka mezani mbele ya Mzee Dhanji. Harufu ikajaza ofisi nzima. Huo ndio ulikuwa ushahidi wake.

Dada Mamta alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. Akasema yeye alikuwa ameketi Dar, anaona mtu anapita akaunti mia mbili. Angejuaje ni mtu mwema? Nyayo za mtu mwema na za mwizi kwenye kumbukumbu za mfumo ni zile zile. Nikasema niliacha jina. Akasema matapeli wote wana majina mazuri.

Salwa akauliza, kwa upole, kwa nini mfumo haukuwa na neno la siri. Mamta akatazama chini. Akasema mwanzo lilikuwepo. Watu wa Salale ndio waliolikataa. Kule anayekwenda penye gogo siku hiyo huagiza kwa niaba ya mtaa mzima. Wenzake humtajia namba zao, anazibeba kichwani. Neno la siri lingemtaka kila mmoja apande mtumbwi mwenyewe kwenda kutafuta mtandao.

Mama mdogo akaitikia, ni kweli kabisa. Wanaambiana namba kama wanavyoazimana chumvi.

Mamta akafungua kumbukumbu za mara mbili zile za kwanza. Tukasogea wote. Mwizi alikuwa nani? Nilikuwa na orodha ya watuhumiwa watatu, Gharibu wa kwanza, nikaikunja mfukoni. Hakukuwa na mwizi. Aliyekwenda penye gogo aliagizia watu wanane kwa kichwa, na mara zote mbili akaichanganya 114 na 141. Mfumo ukakubali, hauna pa kukataa. Barafu ikashushwa kituo kingine, na yule wa 141 akashukuru Mungu akidhani Dhanji kamwongezea.

Mama mdogo akasema wenzake wawili wameshahama. Walisubiri mara mbili kwa ajili ya undugu, ya tatu ilikuwa yangu. Hakunitazama. Ningependa angenitukana. Machozi yalinifika machoni, nikajifanya mvuke wa barafu umeniingia.

Mzee Dhanji amekubali kuondoa malalamiko. Koplo amesema atapeleka maelezo hayo juu na wakubwa ndio watakaoamua kuhusu jalada. Dada Mamta atabadilisha mfumo: kila mteja atataja watu wawili anaowaruhusu kumwagizia, na kila mmoja atakuwa na tarakimu zake za siri. Ataweka tangazo kwenye ukurasa: anayeona kasoro apige namba hii, asifungue akaunti ya mtu, na akipiga hatashitakiwa. Sentensi hiyo ya mwisho waliivutania na Salwa nusu saa.

Na mimi nimepewa barua! Imeandikwa na Salwa, imesainiwa na Mzee Dhanji, muhuri wa ghala juu yake. "Bw. Mfaume anaruhusiwa kujaribu usalama wa mfumo wa kuagizia barafu, kwa siku tatu, 14 hadi 16 Mei, kwa programu zilizotajwa hapa chini." Nimeisoma njia nzima.

Jumanne, 13 Mei

Bamvua limeingia. Barafu imefika Salale. Mabonge yote, namba 114, tarakimu za siri zimefanya kazi. Mama mdogo kapiga simu kutoka penye gogo. Wenzake wamebaki watatu sasa badala ya watano, lakini kamba wao wameondoka wabichi. Ameniombea dua. Halafu ameniomba, kwa jina la marehemu dada yake ambaye ni mama yangu, nisimsaidie tena mwaka huu.

Unyenyekevu wake huo unanigusa.

Jalada limefungwa. Koplo Tamimu amenirudishia kompyuta. Karatasi ya KIELELEZO NA. 1 nimeiacha ilivyo, inaipa uzito. Nilimwonesha Gharibu barua ya ruhusa. Aliishika kwa mikono miwili, akaisoma mara mbili. Akasema angekuwa na karatasi kama hii Dar, leo angekuwa mtu mwingine. Akanirudishia kwa uangalifu, akapangusa macho kwa kitambaa cha kusafishia vioo. Nimeguswa sana na jambo hilo. Lazima nimfanyie kitu mtu huyu.

Jumamosi, 17 Mei

Siku tatu za ruhusa zimekwisha. Nimeona kasoro mbili ndogo, nimeziandika, Dada Mamta amezirekebisha na kunishukuru kwa maandishi. Mzee Dhanji amenipa bonge la barafu. Nimelitazama likiyeyuka kibandani mchana kutwa.

Nimefikiria sana maneno ya Salwa na ya Koplo. Sasa nimeelewa somo. Tatizo halikuwa programu wala mlango. Tatizo lilikuwa karatasi! Mtu akiwa na karatasi, ni mtafiti. Asipokuwa nayo, ni mtuhumiwa. Na mimi karatasi ninayo. Ina sahihi, ina muhuri.

Nimeifunga plastiki na kutoa kopi kumi.

Jumatano, 21 Mei

Siku kubwa!

Bungu kuna kampuni moja ya kununua ufuta ambayo wakulima hujiandikisha kwenye mfumo wake. Jumapili niliujaribu kidogo. Uko wazi pia! Safari hii sikufanya ujinga wa kupiga hodi kwenye akaunti za watu. Nimejifunza. Jumatatu nimewapelekea ripoti kamili, kurasa saba, na nyuma yake nimeambatisha barua ya ruhusa ya Mzee Dhanji, nikiwa nimeziba kwa wino mweupe maneno "wa kuagizia barafu" na zile tarehe, maana hayakuwahusu na yangewachanganya.

Na sikumsahau Gharibu. Mtu aliyelia kwa kukosa karatasi hastahili kuachwa nje. Nimemwandika kwenye ripoti kuwa mwenzangu katika utafiti, jina lake kamili, kibanda chake, namba yake ya simu juu ya yangu, kwa heshima ya umri. Sikumwambia. Nilitaka iwe zawadi.

Leo asubuhi kibanda chake kimefungwa. Jirani amesema alipigiwa simu, mkewe akaja mbio, wakabeba begi moja na watoto, wakapanda gari la kwenda kusini. Labda kuna msiba. Nitampelekea kopi yake atakaporudi.

Saa nane Koplo Tamimu kanipigia simu mwenyewe. Nije kituoni, na kompyuta, na ile barua ya ruhusa, barua yenyewe, kopi hataki. Na kama najua Gharibu yuko wapi, nije naye.

Hatimaye! Mtu mzima wa serikali anataka kuisoma barua yangu kwa macho yake. Nimemwambia anivumilie kidogo, nanyoosha shati jeupe.